Nicodemus iko wapi?

Wengi wenu mliokuwa zamu Jumamosi mmeniomba niwatumie yale niliyoyasema kwenye mkutano wa jumuiya. Haya hapa, kama nilivyoyatamka, isipokuwa pale kipaza sauti kilipozimika ikabidi nirudie. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hazikuwa nzuri hata hivyo, nilizipiga jua likiwa usoni.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, shikamooni. Ndugu zetu wa Kongo, jambo yenu. Na nyinyi vijana mliokaa nyuma kabisa ili mpate kutoka mapema, nimewaona.

Katibu aliniambia nizungumze kidogo kuhusu historia ya jimbo hili la Kansas tunamoishi. Nikamwuliza, historia ipi? Akasema yoyote, bora isiwe ndefu. Basi nimechagua mahali padogo kuliko pote nilipowahi kufika. Padogo kiasi kwamba mara ya kwanza nilipapita. Nilikuwa kwenye barabara ya 24, nimeiacha Stockton, naelekea magharibi. Shamba kulia, shamba kushoto, mbingu kubwa juu. Nikaona kibao, nikaona nyumba chache, nikasema nitasimama nikifika katikati ya kijiji. Ndugu zangu, kumbe ile ndiyo ilikuwa katikati ya kijiji! Nilipogundua, nilikuwa nimeshaiacha nyuma, natafuta pa kugeuzia gari.

Panaitwa Nicodemus. Ni kaunti ya Graham, kaskazini magharibi ya jimbo, zaidi ya saa nne kwa gari kutoka hapa tulipo. Wakazi wake leo hawafiki thelathini. Hesabuni viti vya safu hizi tatu za mbele, kijiji kizima kingeenea hapo na nafasi ikabaki.

Na hakina meya. Hilo mlishike, nitalirudia. Hapa Marekani kuna mahali pengi ambapo watu wanaishi, pana jina, pako kwenye ramani, lakini hapajawahi kuandikishwa kuwa mji. Hakuna hati ya mji, hakuna baraza la mji, hakuna meya, hakuna polisi wa mji. Jambo likitokea, linakwenda kaunti. Ndugu wa Tanzania mtacheka, kwa sababu kwenu hata kitongoji kina mwenyekiti, na kijiji kina mtendaji na muhuri wake. Nani hapa amewahi kutembea jua kali kufuata muhuri wa mtendaji, akaambiwa mtendaji ameenda mnadani? Naona mikono. Naona mikono mingi.

Nicodemus haina mtendaji wala muhuri. Na ipo tangu 1877. Sisi tuna katiba kurasa kumi na tisa, tuna akaunti ya benki, na muhuri tunao. Mnakumbuka tulivyobishana saa mbili nzima kama muhuri uwe na ngao au uwe na mikono miwili iliyoshikana? Swali langu leo ni dogo tu. Wao wana nini ambacho sisi hatuna?

Nianze na dalali, maana kijiji hiki kilianza na dalali wa viwanja.

Mwaka ni 1877. Vita ya Marekani ya wenyewe kwa wenyewe imeisha miaka kumi na miwili nyuma. Watumwa wako huru. Lakini mwaka huo huo serikali ya Washington inaondoa askari wake wa mwisho waliokuwa wakilinda serikali mpya za majimbo ya Kusini, na waliokuwa mabwana wanarudi kuwa mabwana kwa jina lingine. Huko Kentucky, jimbo ambalo halikujitenga lakini lilishikilia utumwa mpaka Desemba 1865, mtu mweusi alikuwa huru, sawa. Huru akilima shamba la nani? La yule yule.

Na upande huu wa magharibi kulikuwa na sheria ya mwaka 1862, Sheria ya Homestead. Serikali inakupa ekari 160. Unajenga, unalima, unakaa miaka mitano, ardhi inakuwa yako. Ekari mia moja na sitini! Mimi na wajomba zangu kule Kisauni, Mombasa, tuna kesi ya kiwanja ambacho ukitema mate upande huu yanaangukia upande wa pili, na kesi haijaisha. (Tukumbuke pia, ardhi hiyo iliyokuwa ikigawiwa bure ilikuwa na wenyewe kabla. Nitawafikia.)

Akatokea bwana mmoja mzungu kutoka Indiana, W. R. Hill. Aprili 1877 akaunda kampuni ya mji pamoja na watu weusi sita. Rais wa kampuni alikuwa W. H. Smith, mtu mweusi, na katibu alikuwa mchungaji Simon Roundtree. Wakachora ramani ya mitaa kwenye nyika tupu, wakachapisha matangazo, na Hill akaenda Kentucky kwenye makanisa ya weusi kuhubiri habari njema ya viwanja. Inasimuliwa kwamba aliwaambia udongo ni mzuri, wanyama wa kuwinda wako tele, na farasi wa porini wanasubiri kukamatwa tu. Dola tano, na unaelekezwa shamba lako.

Mnacheka kwa nini? Kwa sababu mnamjua. Kila mmoja wetu anamjua huyo mtu. Ndiye aliyemwambia mmoja wetu kwamba Marekani dola zinaokotwa.

Mwezi Septemba wakaja zaidi ya watu mia tatu, wengi kutoka upande wa Lexington. Garimoshi likawashusha Ellis, mwisho wa safari ya reli kwao. Kutoka hapo ni miguu, kuelekea kaskazini, zaidi ya maili thelathini kwenye nyasi, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Walipofika wakakuta nini? Hakuna mji. Hakuna miti ya kujengea. Kuna mashimo. Waliotangulia miezi michache kabla walikuwa wamechimba kwenye kingo za mteremko, wakaezeka juu kwa matawi na mabonge ya udongo yenye nyasi, wakaweka bomba la moshi, wakaingia ndani. Familia kama sitini ziligeuza kurudi siku ya pili yake. Hill mwenyewe, wanasema, ilibidi ajifiche asinyongwe.

Mji uliobeba jina la huyo dalali, Hill City, uko umbali mfupi tu magharibi ya Nicodemus. Ndio makao makuu ya kaunti leo. Haya mambo hayana haki, nawaambia tu yalivyo.

Masika ya mwaka uliofuata, 1878, likaja kundi lingine kutoka Georgetown, Kentucky, likiongozwa na mchungaji Daniel Hickman. Mke wake aliitwa Willianna. Huyu mama ndiye sababu ya mimi kusimama hapa. Walifika Ellis, surua ikaingia kwenye kundi, watoto wakafa. Wakawazika, wakaendelea. Siku mbili nyikani, hakuna barabara, wanafuata dira. Mwishowe wanaume walio mbele wakapiga kelele: Nicodemus ile pale! Willianna alikuwa mgonjwa. Akainuka, akatazama. Akatazama huku na huku. Akauliza: Nicodemus iko wapi? Mimi siioni.

Mumewe akamwonyesha moshi. Moshi unatoka ardhini, hapa kidogo, pale kidogo. Akamwambia, ile ndiyo Nicodemus. Watu walikuwa wakiishi humo chini, kwenye mashimo.

Willianna alisimulia mwenyewe, akiwa ameshakuwa bibi kizee, kwamba alipoona hivyo alianza kulia.

Nataka mama zangu mniambie. Ile siku ya kwanza ulipofika hapa, Januari, usiku, ukapelekwa kwenye fleti, godoro liko sakafuni, hita inagonga kama mtu yumo ndani, na huyu aliyekupokea anakwambia karibu nyumbani. Hukuuliza? Nyumbani iko wapi? Mimi siioni.

Basi Willianna alilia, na akakaa. Miaka zaidi ya ishirini. Alilea watoto wake pale.

Niseme kuhusu ule msimu wa baridi wa kwanza, kwa sababu ndipo kijiji kilipokuwa kife. Walikuwa wamechelewa kupanda. Chakula hakuna, kuni hakuna, wanachoma nyasi na mavi makavu ya nyati. Na waliowaokoa ni nani? Waosage. Wenyeji wa asili wa nchi hii, wakirudi kutoka kwenye uwindaji wao, wakawakuta watu hawa kwenye mashimo na wakagawana nao nyama. Nilisema nitawafikia. Watu ambao dunia yao ilikuwa ikikatwa vipande vya ekari mia na sitini ndio waliowalisha waliokuja kuchukua vipande. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado sijui nilale nalo vipi.

Masika yalipofika wakalima kwa majembe ya mkono na sepetu. Farasi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, kijiji kizima. Wanaume wakatembea kwenda kutafuta vibarua kwenye reli na mashamba ya mbali, wanawake wakabaki na watoto na shamba. Wakaokota mifupa ya nyati iliyotapakaa nyikani wakaiuza. Misaada ilitafutwa pia, ikaja kutoka mashariki ya Kansas na hata Michigan, na ugomvi wa kugawana ukaja pamoja nayo. (Hilo sitalieleza, jumuiya hii inalijua vizuri.) Mwaka 1879 wakaivunja ile kampuni ya mji na wakasema misaada basi.

Shule je? Jenny Fletcher, mke wa Zachary Fletcher aliyekuwa msimamizi wa posta, alianza kufundisha ndani ya shimo. Ndani ya shimo, vijana! Mwaka 1879 wakaanzisha wilaya ya shule, nayo ikawa namba moja katika kaunti yote ya Graham. Namba moja kwa maana ya kutangulia. Wazungu waliokuwa jirani walikuwa bado. Jengo la shule mnaloweza kuliona leo ni la mbao, la 1918, lakini jina lake ni lile lile, Wilaya Namba Moja.

Na siasa hawakuiacha. Mwaka 1878 walifika vijana wawili wasomi kutoka Chicago, Abram Hall na Edward McCabe. Kaunti ilipopata serikali yake 1880, McCabe akawa karani wake. Miaka miwili baadaye, 1882, Kansas ikamchagua kuwa mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo zima, na 1884 ikamchagua tena. Mtu mweusi, miaka kumi na saba baada ya utumwa, anakagua hesabu za jimbo, na ametoka kwenye kijiji cha mashimo. Baadaye akahamia Oklahoma akaanzisha mji mwingine wa weusi, Langston. Wasomi wetu ndivyo walivyo, wanafika mahali, wanang'ara, wanahama. Sisemi mtu. Mwenyekiti anajua ninayemwangalia.

Sasa nifike kwenye reli, na hapa naomba mnisikilize.

Kufikia miaka ya 1880 katikati, Nicodemus ilikuwa imetoka ardhini. Walipata mawe ya chokaa wakajenga kwa mawe. Kulikuwa na makanisa, hoteli, maduka, benki, magazeti mawili. Watu mia kadhaa kijijini na mashambani. Kitu kimoja tu kilikosekana. Wakati ule, mji bila reli ulikuwa kama duka bila mlango. Ngano yako utaipeleka wapi? Kampuni za reli zilikuwa zikija na kupima, zikiuliza kila mji: mtatupa nini? Mwaka 1887 wakazi wakapiga kura wakakubali kutoa dhamana za mkopo za dola 16,000 kuivuta kampuni ya Missouri Pacific. Dola elfu kumi na sita za wakati ule, kutoka kwa watu ambao miaka kumi kabla walikuwa wakichoma mavi ya nyati ili wasigande.

Mnadhani reli ilikuja?

Haikuja. Missouri Pacific haikufika. Mwaka 1888 ikaja kampuni nyingine, Union Pacific, ikapitisha reli yake ng'ambo ya mto Solomon, upande wa kusini, maili kama sita kutoka kijijini. Hapo kwenye reli ukazuka mji mwingine, unaitwa Bogue. Na wenye maduka wa Nicodemus wakafanya kile ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya. Wakahama. Wengine walibeba hata majengo yao wakayavusha mto. Benki ikaenda, magazeti yakanyamaza, na kile kijiji kilichokuwa kikisubiri garimoshi kikabaki kikisikia honi yake kwa mbali.

Mimi ni mtu wa pwani, nimekulia karibu na reli ya Mombasa, na najua miji inavyozaliwa na reli na inavyofia kwenye reli. Watu wa Voi, watu wa Mtito Andei mko hapa, mliona reli mpya ilipoanza 2017 na stesheni mpya zikajengwa mbali na madukani. Muuza mayai ya kuchemsha aliyezoea dirisha la garimoshi akaamka asubuhi, garimoshi halipiti tena mbele yake. Mji unaweza kufa bila mtu yeyote kuufanyia ubaya wa makusudi. Mhandisi anachora mstari ofisini, basi.

Kwa hiyo mwaka 1888, kwa mahesabu yote, Nicodemus ilikwisha. Kila mtu aliyejua mambo alisema imekwisha. Na kwa miaka iliyofuata ilizidi kwisha. Miaka ya 1930 zikaja dhoruba za vumbi na ukame uliokausha Kansas nzima, vijana wakaenda Denver, wakaenda Topeka, wakaenda California. Mwaka 1953 posta ikafungwa. Posta ikifungwa Marekani, hata barua zinakusahau.

Nicodemus iko wapi?

Iko mwisho wa Julai. Hili ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote yalikuwa njia ya kufikia hapa. Tangu 1878, mwaka ule ule Willianna alipolia, watu wa Nicodemus waliweka siku. Siku ya ukombozi. Na hawakuchagua tarehe ya Marekani. Walichagua tarehe 1 Agosti, siku ambayo mwaka 1834 sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilianza kufanya kazi kwenye visiwa vya Karibi. Watu weusi na wapinga utumwa wa Marekani walikuwa wakiiadhimisha siku hiyo hata kabla utumwa wa kwao haujakomeshwa. Fikiria hilo. Unaadhimisha uhuru wa mwenzako wa ng'ambo ya bahari, wako bado.

Basi kila mwaka ikifika siku hiyo wanakusanyika. Nyama inachomwa, besiboli inachezwa, kanisa linajaa, wazee wanakaa kivulini. Waliohamia Bogue wanavuka mto wanarudi. Waliohamia Denver wanarudi. Miaka ilivyokwenda, sherehe ikaitwa Kurudi Nyumbani, na leo hufanywa wikendi ya mwisho ya Julai. Kijiji chenye watu wachache hivi kinajaa mamia, wajukuu wa wajukuu, watu ambao hawakuzaliwa pale, wala baba zao hawakuzaliwa pale. Wakiulizwa kwao ni wapi, wanasema Nicodemus. Veryl Switzer, aliyezaliwa pale 1932, akacheza mpira wa Kimarekani kwa timu ya Green Bay Packers, baadaye akawa kiongozi kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, hakuacha kusema kwao ni Nicodemus.

Reli haikuwapa. Serikali haikuwapa, mji haukuandikishwa kamwe. Walikuwa na tarehe.

Na kwa sababu ya tarehe walikuwa na majina. Watu wakikutana kila mwaka wanaulizana: wewe ni wa nani? Babu yako alikuja na kundi la Lexington au la Georgetown? Majina yakaandikwa, picha zikatunzwa kwenye masanduku. Wajukuu walipokwenda Washington kudai kijiji kihifadhiwe, hawakwenda mikono mitupu. Mwaka 1976 kilitambuliwa kuwa alama ya kitaifa ya kihistoria, na mwaka 1996 kikafanywa hifadhi ya kihistoria ya taifa, chini ya idara ile ile inayotunza Grand Canyon. Majengo matano: makanisa mawili, ile hoteli ya Fletcher, shule, na ukumbi wa tarafa uliojengwa miaka ya 1930. Ukienda ukumbini utamkuta mtumishi wa hifadhi na kofia yake pana.

Sasa nikiri jambo langu. Mimi nimekulia karibu na Kengeleni, Mombasa. Wa Mombasa mnapajua, makondakta wa matatu wanapiga kelele Kengeleni, Kengeleni, unashuka unaingia sokoni Kongowea. Nimepita pale maelfu ya mara. Kengele ipo, imesimama, na mimi mtoto, na mimi kijana, sikuwahi kuuliza kengele ile ni ya nini.

Ni ya Frere Town. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kuzuia kusafirishwa kwa watumwa baharini. Majahazi yakawa yanakamatwa, na watu waliotolewa majahazini walihitaji pa kukaa. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wakaanzisha kijiji cha watu hao ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakakiita kwa jina la Bartle Frere, yule Mwingereza aliyetumwa kwenda kuutafuta ule mkataba. Kengele ilikuwa ya kuwaonya wanakijiji wavamizi wanapokuja kuwateka tena. Frere Town ni 1875, Nicodemus ni 1877. Miaka miwili tu imezitenganisha. Vijiji viwili vya watu waliotoka utumwani, kimoja kwenye nyika ya Kansas na kimoja nyumbani kwetu. Na kwenye pwani yetu utumwa wenyewe ulibaki halali mpaka 1907.

Nilitoka Kengeleni nikavuka bahari, nikaendesha gari saa nne, nikasimama mbele ya kanisa la mawe lisilo na mtu ndani, nikasoma bango la hifadhi, ndipo nikaanza kujiuliza kuhusu kengele niliyokuwa nikishukia matatu. Aibu nilikuwa nayo. Na ninayo.

Nani hapa anajua jina la mtu wa kwanza kutoka kwetu kufika mji huu? Si leo tu, nimeuliza wiki nzima kwa simu. Nimepata majina manne tofauti, na wawili kati yao waligombana kwa sababu yangu. Nani alipika kwenye harusi yetu ya kwanza? Mtoto wetu wa kwanza kuzaliwa hapa ni nani? Nicodemus wanamjua wao: Henry Williams, alizaliwa vuli ya 1877, ndani ya shimo. Wanajua jina la mama yake, Emma, aliyetembea kutoka Ellis akiwa mjamzito. Sisi msiba ukitokea tunakutana, na tunachanga vizuri, sisemi uongo, tunachanga vizuri kuliko jumuiya nyingi. Lakini msiba hauna tarehe. Msiba ndio umekuwa kalenda yetu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia.

Nimezungumza na wenye gari kubwa, wako tayari kwa wikendi ya mwisho ya Julai. Tutaondoka saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na moja ya kwetu, ambayo kwa saa za hapa ni 5:00 a.m., msije na kisingizio. Tunapita Topeka, Salina, Hays, halafu kaskazini mpaka Stockton, halafu magharibi. Beba maji, beba chakula, usitegemee kupata duka, na kofia usisahau kwa sababu kivuli ni kidogo. Hatwendi kuhutubia mtu. Tunakwenda kula na kusikiliza, na mwenye ukelele wa siasa za nyumbani auache nyumbani.

Karatasi hii itazunguka. Ina safu tatu: jina lako, mwaka uliofika hapa, na kwenu ni wapi. Msiandike nchi, nchi tunazijua. Andikeni kijiji, mtaa, stendi, mti mnaoshukia. Mimi nimeanza. Nimeandika Kengeleni. Kalamu iko kwa mama aliye karibu na mlango, na vijana wa nyuma, kwa kuwa mlitaka kutoka mapema, mtapita kwake kwanza.